Rangi ya Kucha kwenye Mnara wa Juu

Wapo watu waliooa kwa haraka kuliko Desibeli alivyochagua redio. Wiki mbili nzima alizunguka meza moja akiwakagua wachumba watatu wa chuma. Aliwapima uzito, akawamwagia maji, akawakatia umeme na kuwarudishia, akawaanika juani, akawatia kwenye jokofu la ofisi pamoja na maziwa ya watu. Wenzake walimcheka, lakini kidogo tu, kwa sababu walijua redio hiyo inakwenda wapi, na walijua ni nani aliyekuwa akipanda huko.

Desibeli si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa na wenzake kwa kukipenda mno kipimo hicho ambacho mafundi wa mitambo hupimia nguvu ya mawimbi. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, atakwambia imepungua desibeli tatu. Siku ya harusi ya mdogo wake wa kike alisimama kuwapa maharusi nasaha, akaanza na umbali kati ya minara miwili, akaingia kwenye mawimbi, na alikuwa bado hajaifikia ndoa pale shangazi mmoja alipomvuta koti akae. Aliyecheka kuliko wote siku ile alikuwa bwana harusi mwenyewe, mpandaji wa minara aliyeitwa Popo, ambaye alikuwa rafiki wa Desibeli kabla ya kuwa shemeji yake.

Kazi yenyewe ni hii. Mnara wa simu ukiuona umesimama peke yake juu ya mlima, usidhani unajitegemea. Maneno ya watu unayoyapokea lazima uyafikishe mjini, na pale waya usipofika, hurushwa hewani kwa redio maalumu, kutoka dishi la mlimani hadi dishi la mjini. Redio hiyo ikizimika, mnara unabaki chuma tu. Unaweza kusimama chini yake na simu mpya mkononi usimpate hata jirani yako.

Na mnara uliokuwa ukitafutiwa redio haukuwa wa kawaida. Kwenye makaratasi ya kampuni ulikuwa na namba ya tarakimu sita, lakini mafundi waliuita Mnara wa Juu, na wakiutaja walishusha pumzi. Gari liliishia kwenye machimbo ya mawe. Kutoka hapo ilikuwa saa saba kwa miguu, mzigo mgongoni, na karibu na kilele kulikuwa na mwamba mtelezi walioupa jina la Ngazi, ingawa haukuwa na ngazi wala kitu cha kushika isipokuwa waya mmoja walioufunga wenyewe. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na vijiji vinne na zahanati yenye mkunga mmoja.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila msimu wa mvua, mawasiliano ya Mnara wa Juu yalikatika. Jua likiwaka yanarudi, mvua ikinyesha yanaondoka. Redio ya kwanza ililaumiwa, ikabadilishwa. Ya pili nayo ikalaumiwa. Miezi saba iliyopita, katikati ya mvua kubwa, Popo alitumwa kuing'oa na kufunga nyingine ya aina ileile. Alipanda, akafunga mpya, akaitia ya zamani kwenye begi, akaanza kushuka. Pale kwenye Ngazi mguu wake uliteleza. Redio aliyoibeba ilikuwa imezungushiwa sponji, ikatoka na mkwaruzo mmoja ubavuni. Popo alizikwa siku ya tatu. Wiki moja baada ya hapo mvua ilirudi kwa nguvu, na redio mpya aliyoifunga nayo ikakata.

Ndipo kampuni ikaamua kwamba aina ile ya redio haifai, itafutwe nyingine, na anayejua kuchagua ni Desibeli. Meneja wao, mama mmoja wa makamo waliyemwita Mama Sahihi kwa jinsi alivyotaka kila karatasi iwe na mkono wa mtu, alimwita ofisini na kumwambia bila kuzunguka.

"Nataka redio ambayo ikishafungwa, hakuna mtu atakayepanda tena kwa ajili yake. Mvua zinaanza mwezi ujao. Ijumaa ya wiki ya pili uniletee jina moja."

"Sawa, mama."

"Utaweza? Naweza kumpa mwingine."

"Nitaweza," alisema Desibeli, na akaenda kuchukua fomu.

Aliweza kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Tangu siku ya mazishi alikuwa akiweza kila kitu. Aliweza kuchimba kaburi, aliweza kupokea rambirambi, aliweza kurudi kazini siku ya nne na kumaliza ripoti iliyokuwa imekwama. Majirani walimsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza. Hakuwa na cha kukaza. Ndani mwake palikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, unaujua ni wako lakini ukiufinya hausikii. Asubuhi alipiga mswaki, akala alichowekewa, akaenda. Jioni alirudi, akala alichowekewa, akalala.

Mdogo wake alikuwa amehamia kwake na binti yake wa miaka sita. Walilala kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya nyaya. Alishona nguo za watu sebuleni, na cherehani ilikuwa dirishani, kwa hiyo Desibeli akirudi kazini aliisikia cherehani hiyo kabla hajafungua geti. Walikuwa wakitaniana sana zamani hawa wawili. Sasa waliongea kuhusu chumvi, sare ya shule na redio.

"Kaka, umepata?" aliuliza kila jioni.

"Bado. Zimebaki mbili."

"Chagua nzuri, kaka. Ile mbovu imeniulia mume. Usiniambie kuna mama mwingine mahali atakaa kama nilivyokaa."

"Nitachagua nzuri."

Alisema hivyo huku akitafuna. Alijua kwamba maneno kama hayo yangepaswa kumchoma mtu, akasubiri kidogo kuona kama yatamchoma, kisha akaomba maji ya kunywa.

Wachumba wenyewe aliwapa majina. Wa kwanza alikuwa Mnene: redio imara, ya kuaminika mezani, lakini kilo kumi na tisa, na ndani ina feni. Desibeli alikuwa na neno na feni. Feni mlimani hunyonya vumbi, hunyonya nyigu, siku moja inakwama, na mtu anatumwa saa saba za kupanda kwenda kutoa nyigu. Mnene aliondoka siku ya tatu.

Wa pili alikuwa Mrembo, mwepesi, mwenye taa za rangi tano, aliyeletwa na muuzaji mwenye tai na maneno laini. Mrembo alifanya vizuri mpaka Desibeli alipoushusha umeme polepole, kama betri za sola zinavyochoka baada ya siku tatu za mawingu. Alizimika, jambo la kawaida. Umeme uliporudi, aliwasha taa moja ya njano akakaa anasubiri.

"Anasubiri nini?" aliuliza Desibeli.

"Kitufe hicho cha pembeni, mkuu. Unabonyeza mara moja tu."

"Nani anabonyeza?"

Muuzaji alimtazama, akatazama picha ya mlima iliyobandikwa ukutani, akaanza kukusanya nyaya zake.

Akabaki Bubu. Bubu alikuwa boksi la kijivu, halina feni, halina taa, halitoi sauti yoyote. Ukimkatia umeme analala, ukimrudishia anaamka mwenyewe. Alikaa kwenye ndoo ya maji tangu asubuhi hadi jioni na ndani akabaki mkavu. Ana uzito wa mtoto mchanga. Wenzake walisema hao wamefanana, yeye na Bubu, na Desibeli akakubali kwamba wamefanana. Jumatano mchana aliandika jina la Bubu kwenye fomu, mahali pa redio iliyopendekezwa, na angekuwa amemaliza, isipokuwa fomu ya Mama Sahihi ilikuwa na mstari wa kumi na moja.

Mstari huo ulitaka namba mbili: nguvu ya mawimbi inayotarajiwa kwa hesabu, na nguvu iliyowahi kupimwa kituoni. Mafundi huweka alama ya kutoa mbele ya namba hizi, lakini hiyo tuwaachie wao. Inatosha kujua kwamba kwa umbali ule arobaini ni nzuri, sitini ni dhaifu, na ikifika sabini na mbili redio inakata tamaa.

Alipiga hesabu ya Mnara wa Juu, kilomita thelathini na nane, dishi hili na dishi lile. Arobaini na moja. Akafungua jalada la zamani. Redio ya kwanza, siku ya jua: sitini na tatu. Ya pili: sitini na moja. Ya tatu, aliyoifunga Popo: sitini na moja.

Alikuwa amezijua namba hizo miaka yote. Ya kwanza aliielezea kwa waya mrefu uliokuwa ukila mawimbi. Redio ya pili haikuwa na waya, ilifungwa mgongoni mwa dishi lenyewe, na bado ilikuwa dhaifu, kwa hiyo aliandika kwamba miti ya kilima cha kati imekua. Aliandika ripoti nzima kuhusu ile miti. Watu walitumwa na misumeno. Miti ilikatwa, namba haikubadilika, na mambo mengine yakaingia.

Sasa zilikuwa zimekaa zote tatu kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wake. Redio tatu haziwezi kukosa kwa kiasi karibu kilekile.

Aliinuka akaenda karakana. Redio yenye mkwaruzo ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya koili za waya, ambapo kila mtu alijua ipo na hakuna aliyeigusa. Aliishusha, akaifuta vumbi, akaiunganisha mezani. Iliwaka. Akaipunguzia mawimbi kidogokidogo, kama mtu anayefunga bomba: hamsini, sitini, sabini. Ilikata kwenye sabini na mbili, palepale kitabu chake kilipoahidi. Akairudia mara nne. Ilikuwa redio nzima. Popo alikuwa amebeba mgongoni kitu kizima.

Dishi, mtu asiyejua hulidhania kama tochi. Kweli hutupa mwale mmoja mnene katikati, lakini pembeni yake hutupa pia vimiale vyembamba. Ukilizungusha ukakutana na kimiale, nguvu inapanda, halafu inashuka, na kama umechoka utaapa kwamba umefika. Lakini ni kimiale. Kwa jua kinatosha, kwa mvua hakitoshi. Ndiyo maana fundi hufundishwa kwamba akishapata, apite, azungushe zaidi, ahakikishe hakuna kubwa kuliko hiyo. Aliyekuwa akiwafundisha mafundi wapya jambo hilo katika kampuni ile ni Desibeli. Ana mchoro wake, umebandikwa mlangoni.

Alikaa kwenye stuli ya karakana, akaikumbuka siku yenyewe bila shida. Ukungu ulikuwa mzito hata mkono ulionyoshwa hauonekani vizuri. Yeye alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameshika kipimo, meno yanagongana kwa baridi. Popo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, alikuwa ameshika spana. Nguvu ya mawimbi ilikuja, ikapanda, ikaanza kushuka.

"Tuzungushe kidogo zaidi, fundi?" Popo aliuliza.

"Imekaa. Funga."

Kisha wakaweka alama. Rangi ya kawaida hutiririka kwa ukungu, kwa hiyo mafundi wa minara hutumia rangi ya kucha: mstari mmoja unaopita kwenye nguzo na kwenye kishikio cha dishi, ili atakayefungua siku nyingine arudishe palepale bila kupima upya. Kichupa alikuwa amekiomba kwa mdogo wake, chekundu. Aliyekwenda kukirudisha ni Popo, kwa sababu alikuwa anapita njia hiyo, na baada ya hapo akawa anapita njia hiyo kila Jumapili mpaka wakaoana. Kila aliyepanda baadaye aliifuata alama. Popo mwenyewe, siku ya mwisho, bila shaka aliifuata kwa unyenyekevu kuliko wote, kwa kuwa ilikuwa mkono wa shemeji yake.

Desibeli alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia. Alisubiri. Kilichokuja ni njaa. Akaenda kununua mkate, akaula amesimama.

Alhamisi alifikiri, na alifikiri vizuri, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinafanya kazi peke yake bila kusumbuliwa na moyo. Njia ilikuwa nyeupe. Bubu anapanda mlimani. Mpandaji anaambiwa, kama jambo la kupita tu, alizungushe dishi digrii nne kulia kabla ya kukaza. Nguvu inapanda, mvua zinakuja, mawasiliano hayakatiki, Bubu anasifiwa, hakuna anayekufa tena. Mdogo wake anabaki na redio yake mbovu ya kuchukia. Kila mtu anapata anachotaka. Hakuona kosa katika hesabu hiyo, na Ijumaa asubuhi aliingia kwa Mama Sahihi na fomu ikiwa hivyohivyo.

Mama Sahihi aliisoma akiwa ameegemeza kiwiko.

"Bubu. Haya. Nimefurahi." Akageuza ukurasa. "Chanzo cha kukatika kwa redio ya mwisho hujajaza. Nimekujazia kwa penseli. Ukiona sawa, nipitishe kalamu."

Desibeli aliinama kusoma. Penseli ilikuwa imeandika: ufungaji usio sahihi wa mpandaji.

"Redio mpya kabisa, imekata ndani ya wiki," alisema Mama Sahihi, na sauti yake haikuwa mbaya. "Makao makuu wanataka sababu. Sijaandika jina."

"Aliyefunga alikuwa mmoja, mama."

"Najua. Pole sana. Nipe basi sababu nyingine, nitaiandika."

Desibeli aliyasoma tena yale ya penseli. Popo hakuwahi kufunga kitu vibaya maisha yake yote. Alikuwa akirudi chini, halafu anapanda tena mita arobaini kwa ajili ya nati moja aliyoitilia shaka.

"Una kifutio, mama?"

Alipewa. Alifuta ile penseli taratibu mpaka karatasi ikawa safi, akapuliza vumbi. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akakata jina la Bubu kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: iliyopo.

"Iliyopo ndiyo nini?"

"Redio iliyopo juu sasa hivi. Ni nzima. Ile iliyotolewa nayo ni nzima, nimeipima mara nne. Dishi limeelekea pembeni, kama digrii nne hivi. Limekaa hivyo tangu siku ya kwanza."

"Nani alilielekeza?"

"Mimi."

Mama Sahihi alivua miwani akaiweka mezani.

"Miaka kumi na mmoja?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Una uhakika au unakisia?"

"Hesabu inasema hivyo. Uhakika uko huko juu."

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

Mama Sahihi akaifunga fomu bila kuitia mkono, jambo ambalo hakuna mtu katika ofisi ile aliyewahi kuliona. "Basi panda wewe mwenyewe," alisema. "Ukishuka utaniandikia kwa mkono wako kilichotokea. Mimi nitakisoma, sitakiandika."

Jioni ile mdogo wake alikuwa anatoa uzi kwenye pindo la gauni. Binti alikuwa chini ya meza anahesabu vifungo kwa sauti.

"Umepata, kaka?"

"Nimepata. Kesho alfajiri napanda."

"Wewe? Kwani wapandaji wameisha?"

"Nakwenda na Sumaku. Una rangi ya kucha?"

Aliacha uzi. Tangu msiba hakuwa amepaka chochote. Aliinuka, akaingia chumbani, akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mtu anayetafuta kichupa, akatoka nacho. Kilikuwa chekundu.

"Si alama ipo tayari?"

"Ipo."

"Sasa?"

Desibeli alikipokea. Mdogo wake alikuwa anamtazama usoni, na yeye alikuwa anatazama kifuniko. "Nitakupigia nikiwa juu," alisema.

Sumaku, mpandaji mwingine wa kampuni, ndiye aliyekuwa na Popo siku aliyoteleza, hatua mbili mbele yake. Ni mtu wa maneno mengi, na njia nzima alisema juu ya viatu, juu ya bei za viatu, juu ya viatu vya babu yake. Walipofika kwenye Ngazi akanyamaza. Mwamba ulikuwa mkavu na wa moto, mijusi wamejianika.

"Ni hapa, bosi," alisema.

Desibeli alipaangalia. Palikuwa jiwe. Alishika waya akapita.

Alipanda mnara mwenyewe, polepole, akipumzika kila baada ya hatua kumi kwa sababu miaka arobaini si ishirini na tisa. Alama ilikuwepo, nyekundu vilevile, haijapauka hata kidogo. Ilikuwa rangi nzuri. Kipimo kilisema sitini na moja. Alilegeza nati kwa spana namba kumi na tisa, akaanza kulisukuma dishi kulia. Sitini na tano. Sabini. Sabini na mbili, na redio ikakata.

"Imekata, bosi," Sumaku alisema kutoka chini.

"Najua."

Aliendelea kusukuma mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alihesabu pumzi zake. Kisha kipimo kikaamka: hamsini na tano, arobaini na nane, arobaini na mbili, arobaini na moja. Akapita, kama anavyofundisha. Arobaini na nne, hamsini. Akarudisha. Arobaini na moja, ikatulia. Kazi yote, kutoka alama hadi pale, ilikuwa imechukua dakika mbili.

Alikaza nati. Akaikwangua alama ya zamani kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akafungua kichupa, akachora mpya, akaipuliza ikauke. Simu ikaita kiunoni. Hakuwa hata amepiga yeye.

"Kaka? Nimekupigia punde tu hupatikani."

"Nilikuwa nimekata. Sasa imekaa."

"Mmefunga ipi?"

"Hatukufunga redio. Iliyopo ni nzima."

"Si mlisema ni mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Hata ile aliyokuwa ameibeba haikuwa mbovu. Ni alama, mdogo wangu. Ile alama yangu ilikuwa pembeni, tangu mwanzo. Aliniambia tuzungushe zaidi, nikamwambia afunge."

Simu ilinyamaza.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila mtu aliyetumia Mnara wa Juu akisikia kimya alijua la kufanya: aliishusha simu sikioni, akaitazama, akaitikisa, akasema mtandao huo. Desibeli naye alianza kuishusha. Jicho lake likapita kwenye kipimo. Arobaini na moja, haitikisiki. Laini haikuwa imekatika. Alimsikia mdogo wake anavuta pumzi. Alisikia mtoto anahesabu vifungo, kumi na saba, kumi na nane, akisahau na kuanza tena.

"Rangi yangu umeitumia?" mdogo wake aliuliza mwishowe.

"Nimeitumia."

"Kichupa usinirudishie."

Mdogo wake hakukata simu. Desibeli naye hakukata. Aliishikilia sikioni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika nguzo, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na maumivu yakamjia yote kwa pamoja kama mguu unaorudiwa na damu. Alilia huko juu akiwa amefungwa mkanda, mdomo wazi, na ng'ambo ya kilomita thelathini na nane mdogo wake alisikia kila kitu, kwa sababu mawasiliano yalikuwa mazuri.

"Bosi," Sumaku alimwita kutoka chini. "Usishuke kwanza. Ngoja mikono itulie, nakuja kukuchukua."